Maji Yaliyotulia Kama Kioo

JUMATANO

Nchini Marekani, rubani mwenye leseni ya ndege za nchi kavu haruhusiwi kubeba abiria katika ndege ya majini kabla hajajifunza tena na kupimwa na mtahini. Hafanyi mtihani mwingine wa maandishi, kwa maana ujuzi wake wa awali unaheshimiwa. Hata hivyo, ndege anayoingia ina maboya mawili badala ya magurudumu, wala haina breki. Mara injini inapowaka, ndege huanza kwenda.

Somo gumu halimngoji katika mawimbi, bali katika utulivu. Ziwa likitulia kama kioo, jicho haliwezi kupima umbali uliobaki. Rubani aweza kudhani yuko juu sana, kumbe karibu atagonga maji. Kwa hiyo hufundishwa kutua karibu na ufuko, ili awe na kitu cha kupimia. Kuinua pua ya ndege kidogo. Kuipa injini nguvu itakayoishusha ndege polepole, yapata futi 150 kwa dakika. Kisha kutobadilisha chochote mpaka maboya yaguse maji.

Je, mtu aliyethibitishwa kuwa hodari anawajibika kutilia shaka uamuzi wake mwenyewe? Wengine watasema huo ni woga. Lakini macho ya rubani hayajaharibika, wala leseni yake si ya uongo. Kilichobadilika ni mahali. Tena aliyedanganyika hajioni kuwa amedanganyika; hujiona ana hakika. Ndiyo maana uamuzi wa kufuata utaratibu sharti ufanywe kabla ya kuanza kushuka, na si wakati hakika hiyo imekwisha kumjaa. Na nyuma yake wameketi watu wasioshika usukani.

Naamani naye alikuwa jemadari hodari kweli (2 Wafalme 5). Ushujaa wake haukuwa kosa. Tatizo ni kwamba ukuu wake ulitaka kuamua hata pale penye mto Yordani, ambapo haukuwa na neno la kusema.

Basi, unyenyekevu si kuudharau ujuzi ulio nao. Ni kujua ujuzi huo unaishia wapi, na kuukubali mpaka huo mapema, kwa ajili ya wale wanaokutegemea.

Tafakari: Ni katika eneo gani la maisha yako ambapo utulivu wenyewe waweza kukudanganya? Una “ufuko” gani wa kupimia? Nani wataumia ukikosea?