Je, Kukataa Kazi ni Utovu wa Adabu?

Limeulizwa katika darasa letu swali ambalo laonekana dogo, nalo si dogo: mtu akipewa na tajiri wake kazi iliyozidi mapatano yao, akasema, "La, hii siiwezi," je, huwa amekosa adabu? Wengi hujibu upesi kuwa amekosa. Sisi twaona jawabu hilo lataka kupimwa.

Tutazame kwanza desturi ya watu wa Kitui na Makueni wenyewe. Wakamba wana mwethya, yaani majirani hukusanyika kumsaidia mmoja wao kulima au kujenga, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kila aitwaye ajua kazi ni gani, yaisha lini, na kuwa zamu yake ya kusaidiwa itafika. Hiyo ni mipaka, wala haikuuondoa udugu wao, bali ndiyo iliyoulinda.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa wilaya ya Machakos, ambayo zama hizo ilikuwa pamoja na Makueni, kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Wengi waliichukia kazi ile. Katika miaka ya 1950 ikaanza kufanywa kwa njia ya mwethya, watu wakajichagulia viongozi wao, na matuta yakaenea vilimani. Udongo ulikuwa ule ule na jembe lile lile; kilichogeuka ni kuwa aliyeshika jembe sasa alikuwa na kauli katika kazi yake.

Sasa tumfikirie karani wa duka katika mji wa Wote. Mapatano yake ni kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Siku moja aambiwa abaki mpaka usiku. Akubali, kwani ni siku moja tu. Juma la pili zawa siku tatu. Kisha simu yake yalia usiku wa manane, kisha siku yake ya mapumziko nayo yachukuliwa. Bandu bandu huisha gogo. Amekwisha kipande kipande, na kila kipande alikitoa mwenyewe kwa neno "ndiyo."

Ni nani aliyepata hasara? Hesabu aziandika kwa usingizi, akakosea. Watoto wake hawamwoni. Na tajiri mwenyewe amedanganyika, kwani ameahidiwa kazi isiyoweza kufanywa vyema. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ahadi ni deni, na "ndiyo" ni ahadi. Lakini kwa mtu asiyeweza kusema "la," haijulikani kama ameridhika au ameogopa. Salman al-Farisi alipomkuta Abu Dardaa amezama katika ibada, alimkumbusha kuwa nafsi yake na mkewe nao wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadiki Salman. Ikiwa ibada ya sunna imewekewa mpaka, sembuse kazi ya duka?

Atasema mtu: hayo ni maneno ya mwenye akiba, Ukambani mvua hukosa, kazi ni chache, na nafasi ya karani yangojewa na wengi. Ni kweli, wala hatutaificha. Kukataa kwa maskini kuna gharama, na amhimizaye mwenzake akatae bila kuihesabu gharama hiyo hamtakii kheri. Lakini sheria iliwekwa ili mnyonge asisimame peke yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Tena yataka masharti ya mkataba yasigeuzwe bila kushauriana naye. Akidai hayo haombi fadhila.

Walakini kukataa nako kuna adabu zake. Mtu aseme mapema, si baada ya kuikubali kazi na kuitupa. Aseme kwa upole, na aonyeshe liwezekanalo: "Leo siwezi, kesho asubuhi nitaanza nayo." Asikwepe wajibu aliopatana kwa kisingizio cha haki, kwani huo ni uvivu. Na ikiwezekana waseme wengi pamoja, kama watu wa mwethya, kwani mmoja hufukuzwa upesi.

Nanyi mlioajiri watu, mkiona hakuna awakataliaye kamwe, msifurahi. Huenda hamna watumishi waaminifu, bali mna watu wenye khofu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Basi jawabu letu ni hili: kukataa kwa upole lililozidi mapatano si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kukubali kwa ulimi jambo ambalo moyo na mikono vimekwisha kulikataa.