Haki ya Kitoweo na Maji Safi juu ya Mwenye Nyumba

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaruzuku waja wake vizuri vya bara na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika vijiji vya mwambao na visiwa vyake, wanaume wengi huamini kuwa mambo ya chakula ni mambo ya jikoni, na mambo ya jikoni ni ya wanawake. Mume akisha leta unga wa siku na robo ya sukari, huona amekwisha toa yaliyo juu ya shingo yake, akatoka zake kwenda barazani. Mtoto atakula nini pamoja na unga ule, na maji atakayokunywa yametekwa wapi, hilo halimshughulishi. Dhana hii haina asili katika sharia, bali sharia imesema kinyume chake.

Wanavyuoni wa madh-hebu ya Imamu Shafii wamelipima jambo hili kwa kipimo. Mume mwenye wasaa humpasa kumpa mkewe mudi mbili za chakula kila siku. Wa kati na kati, mudi moja na nusu. Na fakiri, mudi moja, nayo mudi watu wa pwani waliikadiria kwa kibaba. Chakula chenyewe ni kile kiliwacho sana katika mji ule, kikiwa mchele, au mahindi, au mtama. Wengi waliosoma kidogo hukoma hapa wakafunga kitabu. Lakini Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), hakukoma hapa katika Minhaj yake. Ameeleza kuwa kitoweo nacho ni wajibu, kwa namna iliyozoeleka mjini, nacho hubadilika kwa majira ya mwaka; akataja mafuta, na samli, na jibini, na tende. Kisha akaongeza neno ambalo lapasa kusomwa mara mbili: hata mke akiwa ni mtu wa kula mkate mtupu, haki yake ya kitoweo haianguki. Na nyama humpasa mume kwa kadiri ya uwezo wake na desturi ya mji. Ama watoto wadogo, na wazazi walio mafakiri, hao hawakuwekewa mudi. Haki yao ni kutoshelezwa.

Basi kutoshelezwa ni nini? Hapa ndipo penye kosa la watu wengi, kwani wao hudhani ni tumbo kujaa. Mtoto aweza kulala ameshiba ugali wa muhogo kila usiku wa Mungu, na mwili wake ukawa na njaa. Matabibu wameyaeleza haya wazi: mwili hujengwa kwa samaki, na kunde, na mayai, na maziwa, na damu na macho huhifadhiwa kwa mboga za majani na matunda. Mtoto asiyeyapata haya hudumaa, akawa mfupi kuliko umri wake na mzito wa kufahamu darasani. Na mambo yakizidi, nywele hugeuka rangi na miguu ikavimba, na mzazi akadhani amerogwa. Mwalimu wa chuoni humpiga mtoto kama huyu kwa kutohifadhi sura yake, na lau angejua alichokula tangu jana, fimbo angeiweka chini.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa ya kuwa Hindi binti Utba alimshitakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe, Abu Sufyani, ya kwamba hampi cha kumtosha yeye na mwanawe. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mume, bila ya mume kujua, kadiri ya kumtosha yeye na mtoto kwa wema. Na ayatazame haya kila mwenye akili. Lau kitoweo cha nyumbani kingekuwa hisani tu ya mume, mke asingeruhusiwa kukichukua kwa siri. Ameruhusiwa kwa kuwa ni deni.

Na ajabu ya mambo ni kuwa vijiji hivi si vikavu wa neema. Mvuvi hurudi na changu na tasi, na mtama mama akasubiri. Samaki wote wakaishia mnadani papo pwani, na nyumbani ikaletwa sukari. Kuku hutaga, mayai yakapelekwa dukani, na kwa thamani yake ikanunuliwa soda ya mgeni. Mchicha, na matembele, na kisamvu, na majani ya kunde huota nyuma ya nyumba, na vijana wakaona haya kuviandaa mbele ya watu, wakaviita vyakula vya shida. Papai hulika na kunguru. Biashara ni halali, wala hapana amwambiaye mvuvi asiuze samaki wake. Lakini yule ambaye wa nyumbani mwake ni deni kwake, awatolee wao kwanza mkono mmoja wa samaki, ndipo auze waliobaki. Dagaa wa bei nyepesi, waliokaushwa wakaliwa na mifupa yao, wana faida kubwa kuliko vitu vingi vya mkebe.

Na yuko mume ambaye kitoweo hukipata, ila hukila peke yake. Asubuhi hukaa mkahawani kwa mahamri na mbaazi, mchana kwa nyama, jioni kwa kahawa na tende. Fedha nyingine ikaenda kwa mirungi na tumbaku. Na nyumbani watoto wakala ugali kwa chai ya rangi. Mtume (s.a.w.) amehadharisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwa mtu yamtosha kuwa ni dhambi kuwapoteza walio juu ya ulezi wake. Hakusema awaue wala awapige. Kuwapoteza tu.

Mwenye mimba na anyonyeshaye wana haki zaidi. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na katika aya hiyo hiyo ikaweka chakula cha mama na mavazi yake juu ya baba. Maziwa ya mama, basi, hutoka katika sahani ambayo baba ndiye mwenye kuijaza. Matabibu husema mtoto asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama mpaka miezi sita, wala hata maji, kisha aanzishwe uji na vyakula laini, na kunyonya kuendelee. Yale yasemwayo katika baadhi ya vijiji, kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi, au mwenye mimba akiyala atazaa mtoto asiye na nywele, hayana dalili katika Kitabu wala katika Sunna wala katika tiba. Mwenye kumharimishia mkewe alichohalalisha Mola wake amejitia katika jambo kubwa.

Ama chai, haikuharamishwa, na asitokee mtu wa kuiharamisha. Ila Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limesema sukari ya kuongezwa isifikie sehemu ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikipungua mpaka gramu 25, kiasi cha vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Na ahesabu mtu mwenyewe vikombe vyake vya kutwa na vijiko vyake. Chupa moja ndogo ya soda ina kiasi cha gramu 30. Zamani kisukari kilidhaniwa ni maradhi ya matajiri wa mjini. Leo kimo vijijini, na watu hukatwa miguu. Jambo jingine wasilolijua wengi: chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo, nayo ndiyo hujenga damu. Iachwe mpaka baada ya saa moja au mbili, na mboga ikamuliwe ndimu, kwani ndimu husaidia. Na unga wa dona una faida kuliko sembe nyeupe, ijapokuwa sembe ndiyo yenye heshima mbele ya wageni.

Yamebaki maji, nayo yana shubha ambayo haina budi kuondolewa, kwa kuwa hutoka kwa watu wa elimu wenyewe. Husema: kisima chetu kina zaidi ya kulla mbili, nazo ni kama lita 200, na maji ya kadiri hiyo hayanajisiki ila rangi yake, au utamu wake, au harufu yake igeuke, basi ya nini kuyachemsha? Jawabu ni kuwa hukumu hiyo ni sahihi, nayo ni hukumu ya tohara. Swali la tohara na swali la madhara ni mawili. Maji ya bahari ni tahiri na hutoharisha kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.), na hakuna mvuvi ayanywaye. Vidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havigeuzi rangi wala harufu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua watu wengi mno. Tabibu James Christie, aliyekuwapo, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876, na kidudu chenyewe kilikuja kuthibitishwa na Robert Koch mwaka 1884. Kisima kilichoonekana kisafi hakikumwokoa mtu.

Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo chake. Asiyekuwa na kuni na ayatie maji yasiyo na tope katika chupa nyeupe za kupenya nuru, zisizozidi lita mbili, azilaze juani muda wa saa sita, na siku za mawingu siku mbili. Huenda mwanafunzi wa fikihi akauliza juu ya maji mushammasi, yaliyopigwa na jua, ambayo katika madh-hebu ni makuruhu. Na akumbuke kuwa karaha hiyo ni kwa vyombo vya madini ya kufuliwa kama chuma na shaba, katika nchi ya joto, nayo huondoka maji yakipoa. Na Nawawi mwenyewe amechagua kuwa hakuna karaha. Tena na azingatie: sababu waliyoitaja wanavyuoni ni khofu ya maradhi. Wao hawakuona haya kuingiza tiba katika mlango wa maji.

Na choo kichimbwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Mtume (s.a.w.) amehadharisha na mahali patatu pa kuleta laana, na pa kwanza yake ni penye kutekwa maji. Amekataza pia kukojoa katika maji yaliyosimama, na ameamrisha vyombo vifunikwe usiku. Mtungi wa nyumbani uwe na kifuniko na kata yenye mpini mrefu, ili mkono usizame ndani. Na mtungi wa kunywa uliowekwa msikitini kwa wapitao njia uwe vivyo hivyo, uoshwe kila Ijumaa kabla ya adhana, na wasimamizi wa msikiti wajue ni nani mwenye zamu.

Wallahu aalam.