Mama Asiyejua Kusoma Alipwe Nini?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane. Mwandishi aliyefiwa na mama yake, tena mama asiyejua kusoma, anaweza kumlipa nini kwa kalamu? Hata angekuwa hai, kitabu cha mwanawe angekigeuzageuza tu mkononi, atazame jalada, akirudishe mezani. Sasa hayo maandishi ya kumsifu ni ya nani? Ya mama, au ya sisi tunaotaka kuonekana wana wema?

Nauliza kwa sababu sisi vijana tunaoandika tumezoea njia ya mkato. Mama akifariki tunashika kalamu: nani kama mama, ulinibeba miezi tisa, ukanilea kwa taabu. Ni kweli, sikatai. Lakini ukifuta jina la mama huyo ukaweka la mwingine, shairi linabaki lile lile. Hapo aliyesifiwa ni nani?

Tumtazame Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki Mei 2025. Mwaka 2010 alitoa kumbukumbu za utoto wake, Dreams in a Time of War. Humo yumo mama yake, Wanjiku, mkulima wa Limuru ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1947 ndiye aliyemuuliza mwanawe kama anataka kwenda shule, akampa na sharti: asije siku moja akamtia aibu kwa kugoma kwenda eti kwa sababu ya njaa au shida. Mtoto akileta kumi juu ya kumi, mama anauliza kama huo ndio mwisho wa uwezo wake. Fikiria! Mtu asiyejua hata herufi moja ndiye mhariri mkali kuliko wote. Hakusahihisha maneno, alisahihisha bidii.

Huko China nako, Mo Yan alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2012, sehemu kubwa ya hotuba yake ilimhusu mama yake, aliyefariki mwaka 1994. Naye hakujua kusoma. Mtoto alikuwa akitoroka kwenda sokoni kumsikiliza msimulizi wa hadithi, usiku akamsimulia mama huku mama anashona kwenye mwanga wa koroboi. Mwishowe mama akawa anamwachia aende siku za soko. Lakini Mo Yan hakuishia kwenye sifa. Alieleza pia siku alipomzidishia bei mzee mmoja aliyenunua kabichi kwao. Aliporudi kutoka shule alimkuta mama analia. Hakumkaripia, alimwambia tu taratibu kwamba leo amemtia aibu. Katika hadithi hiyo mama si pambo, ni hakimu. Ndiyo maana tunamwona.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo tunawatishia watoto watundu. Mimi naona inatudai na sisi waandishi: kama ulifunzwa, onyesha ulichofunzwa.

Siku moja hapa Kerege tulikaa vijana chini ya mwembe, tunasomeana kazi zetu. Mwenzetu mmoja akasoma shairi la kumlilia mama yake. Tukapiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua pembeni akauliza, "Mwanangu, huyo mama yako alikuwa anafanya kazi gani?" Maana shairi zima halikusema. Mwenzetu akaanza kueleza: alikuwa akiuza maembe na korosho kando ya barabara ya Bagamoyo, hela anafunga kwenye pindo la kanga. Basi likiondoka kabla hajarudisha chenji, hela ya abiria huyo aliitia kwenye kikopo, haiguswi hata siku ya kulala njaa, mpaka mwenyewe apite tena. Wengine hawakupita tena. Alipokufa, kikopo kilikutwa na hela.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama wa vitumbua akasema, "Sasa namjua."

Mtu atanipinga kwamba mambo ya ndani ya marehemu hayatolewi nje. Hoja nzito hiyo, hasa kwetu pwani ambako kusitiriana ni wajibu. Lakini kusitiri na kufuta ni vitu viwili. Sitiri aibu yake, ila usifute kazi yake, ukali wake na hukumu zake. Ukivifuta hivyo umemzika mara ya pili, tena kwa maneno matamu.

Basi jibu langu ni hili. Sifa hazimlipi mama, maana hazimpunguzii wala kumwongezea kitu. Anacholipwa ni kile kipimo alichotuachia: kusema kweli kama mwenye kikopo, na kuuliza kama Wanjiku kabla hujaipeleka kazi yako kwa mhariri.

Na wewe ambaye mama yako yu hai, usingoje. Leo jioni akiwa anachagua mchele, msomee ukurasa mmoja. Akisinzia, kauandike upya.