Samaki Aliyedhaniwa Amekwisha

Ndugu msomaji, wako watu wasemao: "Kisichoonwa na wataalamu hakipo." Na tuwaletee shahidi kutoka baharini.

Kwa muda mrefu wataalamu walimjua samaki aitwaye silikanti kwa alama zake katika mawe tu. Kwa kuwa mawe ya zama za baadaye hayakuwa na alama yake, walikata shauri kwamba alikwisha kutoweka miaka ipatayo milioni 66 iliyopita. Lakini mnamo Desemba 1938 wavuvi wa Afrika ya Kusini walimleta katika bandari ya East London, mwenye urefu wa mita moja na nusu! Bibi Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo aliona kwamba si samaki wa kawaida, na mtaalamu J. L. B. Smith akathibitisha kuwa ndiye. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14, akampata mwaka 1952 katika visiwa vya Komoro. Kumbe wavuvi wa huko walikuwa wakimjua tangu zamani, wakimwita gombesa! Na baadaye amenaswa mara nyingi katika maji ya Tanga. Huyachezesha mapezi yake kwa zamu kama mnyama atembeaye, wala hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai.

Basi fikiri: je, samaki huyo aliumbwa siku ile alipoonwa? Hasha! Ikiwa kiumbe mkubwa hivi alisitirika chini ya vyombo vya wavuvi, mwanadamu atathubutuje kumkana Muumba kwa sababu tu macho yake hayakumwona?

Lakini tusidhani kwamba kila kilichopotea kitarudi. Mwaka 1741 Georg Steller alimkuta nguva mkubwa sana katika bahari ya baridi iliyo kati ya Asia na Amerika. Alikuwa mpole, hakuwakimbia watu. Wawindaji wakamchinja kwa ajili ya nyama, na kufikia mwaka 1768, yaani miaka 27 tu, hakusalia hata mmoja.

Kurani Tukufu yawahesabu wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Aangamizaye umma mzima atajibu nini mbele ya Mwenyewe?

Kwa hiyo, ewe mtafutaji wa haki, chunguza kabla ya kukana, na uitunze amana uliyokabidhiwa. Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona na mioyo ya huruma. Amin.