Mwanachuoni Ugenini

Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, alitoka Baghdad akahamia Misri, akafia huko mwaka 820. Alikohamia alizipitia upya rai zake nyingi, hata mafakihi wakatenganisha kauli yake ya zamani na ile mpya. Je, haki hubadilika mtu akivuka mipaka? Swali hilo si la kipuuzi. Lakini Shafii hakubadili Kurani wala Sunna. Alikutana na wanazuoni wengine, hoja nyingine na desturi ngeni. Msomi anayehama na majibu yaleyale bila kuyapima tena amehamisha mizigo tu. Kupima, hata hivyo, si kuacha: katika masuala machache wanazuoni wa madhehebu yake waliendelea kuipendelea kauli yake ya zamani, ile ya Baghdad.