Maksai Mchanga Kabla ya Mvua ya Vuli

Utayari wa mnyama aliyejaribiwa mara chache huamuliwa kabla haujajulikana. Ushahidi ambao ungemaliza ubishi ni ile kazi yenyewe, na mtu akishaiona kazi hiyo ikifanyika, uamuzi umekwisha kupita. Katika uwanja wa Ngong, Nairobi, swali hili huulizwa juu ya farasi wa miaka mitatu waliokimbia mbio chache tu, ambao wamiliki wao wanatamani kuwaingiza katika Derby ya Kenya. Kitui na Makueni hazina farasi wa mbio, lakini swali ni lile lile, na huko linagusa chakula cha nyumba: maksai mchanga aliyefungwa nira mara tatu au nne mwezi wa Agosti, je, atalima vuli hii?

Uzito wa swali unatokana na mvua. Katika kaunti hizi mbili mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, hutegemewa zaidi kuliko masika ya Machi hadi Mei. Ndiyo inayobeba ndengu, kunde, mbaazi, mtama na mahindi ya Katumani, mbegu iliyopewa jina la kituo cha utafiti kilicho karibu na Machakos na iliyotengenezwa ili ikomae upesi kabla unyevu haujaisha. Mvua hiyo huanza kwa kishindo na mara nyingi hukatika ghafla. Shamba lililochelewa kupandwa linaweza kushikwa na ukavu mimea ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Ndiyo maana wengine hupanda kwenye vumbi, kabla tone la kwanza halijaanguka, na ardhi kavu ni ngumu zaidi kwa mnyama kuliko iliyolowa. Mwenye maksai wawili wazee na mmoja mchanga hana nafasi ya kusubiri hadi awe na uhakika.

Ukaguzi huanza mdomoni. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote ya chini. Juu kuna ufizi mgumu tu. Jozi ya kwanza ya meno ya utoto huanguka mnyama akikaribia miaka miwili au akiipita kidogo, na kinywa hujaa akiwa na miaka minne hivi. Katika minada ya mifugo kama ule wa Emali, mnunuzi hushika pua kwa mkono mmoja, akashusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akahesabu meno mapana ya kudumu, kisha akaachia bila kusema kitu. Baada ya meno hutazamwa shingo, mahali nira inapokaa mbele ya nundu, kama ngozi ni nene na haina kovu. Hufuata mabega, kwato, na namna mnyama anavyopokea mkono wa mgeni mgongoni. Zebu wa Ukambani ni wadogo. Maksai mwenye kilo 250 hadharauliwi. Wataalamu wa wanyama-kazi hukadiria kwamba mnyama wa aina hiyo anaweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu inayolingana na takriban sehemu ya kumi ya uzito wake. Anaweza kuvuta zaidi ya hapo kwa dakika chache, na hizo dakika chache ndizo zinazowadanganya watu.

Kisha huja majaribio. Siku za kwanza mchanga hufungwa nira pamoja na mzee anayejua amri, wakatembezwa bila mzigo. Baadaye huburuta gogo njiani, na mwisho huvuta plau katika udongo uliokwisha kulimwa. Mtu mmoja huongoza mbele, mwingine hushika vishikio, na wa tatu hutembea ubavuni na kiboko. Kinachotazamwa hapa ni tabia kuliko nguvu: kama mnyama anamsukuma mwenzake kwa ubavu, kama anasimama kila anaposikia mnyororo ukikaza, na zaidi ya yote kama analala chini. Maksai akigundua kwamba kulala kunamaliza kazi, atalala tena kesho na keshokutwa. Wafundishaji wazuri hufungua nira kabla hajafika hapo, mnyama akiwa bado anatembea, ili asijifunze somo hilo.

Majaribio haya yana kasoro ambayo haiondolewi kwa kuyarudia. Mchanga hufungwa na mzee, na ili asielemewe, pete ya mnyororo katikati ya nira husogezwa kidogo kuelekea upande wa mwenye nguvu. Kwa kufanya hivyo mzee hubeba sehemu kubwa ya mzigo na mchanga hubeba iliyobaki. Ni utaratibu wa huruma na wa akili, lakini unachafua ushahidi. Mtazamaji huona jozi inayokwenda sawasawa na kumsifu mchanga, ilhali anachokiona kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mzee. Mwenye farasi hukutana na hali hiyo hiyo anapomsifu mnyama wake kwa ushindi mbele ya washindani dhaifu.

Kasoro ya pili ni ya majira. Agosti njia ni kavu na gogo linateleza. Vuli inapofunguka, plau inakutana na visiki, mawe na udongo mzito, na maksai mwenyewe ametoka katika miezi ya kiangazi ambamo malisho yamekwisha. Kazi kubwa ya mwaka humkuta mnyama akiwa amekonda kuliko wakati wowote mwingine. Aliyepimwa Agosti na anayeitwa kufanya kazi mwishoni mwa Oktoba ni mnyama mmoja kwa jina. Mwili wake umebadilika. Hivyo majaribio machache yanaweza kuthibitisha kwamba mnyama hayuko tayari, kwa kuwa anayelala chini mbele ya gogo hatasimama mbele ya plau. Hayawezi kuthibitisha kwamba yuko tayari. Kufaulu mara tatu kunamwondoa tu katika orodha ya walioshindwa mapema.

Mwanafalsafa Aristotle alitofautisha ngazi mbili za uwezo. Kuna anayeweza kujifunza jambo, na kuna aliyekwisha kulijifunza ingawa kwa sasa halitendi. Maksai mchanga yuko kati ya ngazi hizo: ana mwili wa kuvuta na baadhi ya mazoea ya kuvuta, lakini mazoea hayo hayajawahi kudaiwa chini ya njaa na tope. Aristotle alisema pia kwamba uwezo hutambulika kwa kitendo chake. Hapo ndipo mkulima anapokwama, maana kitendo kinachohitajika hakijatokea.

Mwanafalsafa aliyekaribia zaidi swali hili alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. John Mbiti, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, alitumia nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu kujenga hoja kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati hupimwa kwa matukio, na kwamba una pande mbili kuu alizoziita Sasa na Zamani. Mambo ya mbali ambayo hayajatokea karibu hayahesabiki kuwa wakati. Yale yanayotarajiwa kwa mzunguko wa maumbile, kama mvua, aliyaweka katika wakati unaowezekana tu. Wapinzani walikuwa wengi. Kwame Gyekye wa Ghana alitumia lugha ya Kiakan kuonyesha kwamba wakati ujao wa mbali una nafasi yake katika fikra za Waafrika.

Maksai anawapa wote wawili kitu. Anayemhasi ndama ili alime miaka miwili au zaidi baadaye anafikiri mbali kuliko mipaka aliyoiweka Mbiti, na katika hilo Gyekye yuko sahihi. Lakini mkulima huyo hasemi kwamba mnyama atakuwa tayari tarehe fulani. Husubiri jozi ya tatu ya meno, shingo inenepe, mvua inyeshe. Utayari kwake ni tukio, kalenda haiuleti. Katika jambo hili Mbiti aliona vizuri kuliko wengi waliompinga walivyokubali, na sheria za mbio za farasi, zinazofunga Derby kwa umri wa miaka mitatu, zingemfaa kama mfano wa kinyume: hapo tukio linalazimishwa kufuata kalenda, na mnyama anayechelewa kukomaa anapoteza nafasi yake milele.

Wanaotetea ujasiri hutaja mifano iliyofaulu. Kitui inao mmoja mzuri. Benson Masya aliijua ndondi kabla ya kujulikana kwa mbio, na mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 22, alishinda mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni huko Newcastle, Uingereza. Rekodi yake ya barabarani bado ilikuwa fupi. Hata hivyo mfano huo unathibitisha machache kuliko unavyoonekana, kwa sababu vijana waliopelekwa mapema wakavunjika hawakumbukwi kwa majina. Mnyama aliyeharibiwa msimu wake wa kwanza huuzwa kwa mchinjaji, na hadithi yake huishia hapo.

Maandiko yanayosomwa makanisani Wote, Mwingi na Mutomo hayana habari za Derby, lakini yanalijua jambo hili. Nabii Yeremia, katika sura ya 12, anaulizwa atashindanaje na farasi ikiwa wakimbiaji wa miguu wamekwisha kumchosha. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unakataza kumpa uongozi mtu aliyeongoka juzi, na sababu inayotolewa haihusu upungufu wa kipaji. Inahusu kiburi kitakachomwangusha. Torati inakataza kumfunga ng'ombe na punda katika plau moja. Kwa upande wa Waislamu, hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Abu Dawud inasimulia ngamia aliyemlilia Mtume, naye akamkemea mwenye mnyama kwa kumnyima chakula na kumchosha. Mafundisho haya yanatofautiana katika mengi, lakini yote yanalihamisha swali kutoka kwa anayepimwa hadi kwa anayempima.

Kuhama huko ni sahihi, kwa sababu makosa mawili yanayowezekana hayalingani. Kumweka mchanga nje ya kazi wakati aliweza ni hasara ya siku kadhaa na pengine sehemu ya mavuno. Ni hasara ya kweli, na katika nyumba maskini si ndogo. Kumwingiza wakati hakuweza ni kupoteza mavuno pamoja na mnyama, na anayelipa kwanza ni yeye ambaye hakuulizwa. Mwanariadha kijana anaweza kukataa safari. Maksai hukataa kwa kulala chini tu, na kukataa huko huitwa uvivu.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kukamilika kwa kumtazama mnyama peke yake. Mchanga yule yule anaweza kuwa tayari kwa jirani mmoja na asiwe tayari kwa mwingine. Mwenye jozi ya akiba, au anayelima na mwethya ambapo majirani huchangia ng'ombe na mikono, anaweza kumfunga alfajiri, kusogeza pete, kumwanzisha katika shamba lililolimwa msimu uliopita, na kumfungua jua likianza kukaza. Asiye na mnyama wa kushika nafasi yake atalazimika kumbakiza shambani hadi jioni, kesho yake tena, mpaka ekari ziishe. Katika nyumba ya kwanza, meno sita ya kudumu na majaribio machache mazuri yanatosha. Katika ya pili hayatoshi, na afadhali mwenye maksai huyo akodi jozi ya jirani kwa vuli moja.