Wajane Waliosahauliwa

(Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7)



Twaijua habari iliyoandikwa katika mlango wa sita wa Matendo ya Mitume. Usharika wa kwanza wa Yerusalemu ulikuwa na upendo mwingi. Watu waliuza hata mashamba yao ili maskini wapate kula. Walakini katika usharika huo huo wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa, chakula kilipogawanywa kila siku. Mtakatifu Luka hakulificha jambo hili. Hasemi ya kwamba wagawaji walikuwa wezi, wala hasemi ya kwamba waliwachukia wajane. Asema tu ya kuwa manung'uniko yalitokea, kwa sababu watu wanyonge walikosa haki yao. Basi twaona tangu mwanzo ya kwamba hata mahali penye upendo mnyonge aweza kusahauliwa, na ya kwamba upendo usio na mwangalizi huwa kipofu pasipo kujijua.

Mwezi huu twataka kuichukua habari hiyo kuwa taa ya kutumulikia jambo moja lililo karibu nasi, yaani makao ya kutunzia wazee, zile nyumba ambamo watu waliokwisha nguvu hukaa mpaka kufa kwao. Twawezaje kujua kama nyumba ya namna hiyo ni njema? Tena ni nani apaswaye kuiangalia?

Labda mtu atasema, "Nyumba hizo si desturi yetu, mzee hutunzwa na wanawe." Ni kweli, na ndivyo Amri ya Nne itufundishavyo. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 2003, ilisema ya kuwa mzee atunzwe kwanza na jamaa yake na watu wa kwao, na kumweka katika makao kuwe njia ya mwisho. Walakini wako wasio na mwana wala ndugu. Wengine waliugua ukoma zamani, wakatengwa na kwao, na hata walipopona hawakuwa na mahali pa kurudi. Wengine, hasa pande za Usukumani, walikimbia kwa sababu majirani waliwasingizia uchawi. Watu wa namna hii, pamoja na wengine wengi walioachwa, hupokewa katika makao ya Serikali, kama Nunge huko Kigamboni na Kolandoto katika Shinyanga, na katika nyumba zinazotunzwa na makanisa na watawa. Asiye na mwana wa kumwuliza, "Mama, leo umekula?" ndiye amhitajiye zaidi mtu mwingine wa kumwuliza.

Kabla hatujawafundisha wengine, imetupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda pamoja na kwaya katika makao fulani ya wazee. Tulipokewa kwa furaha. Ua ulikuwa umefagiwa, kuta zimepakwa chokaa, na daftari la chakula limeandikwa vizuri, siku kwa siku. Tuliimba, tukaomba, tukagawa sabuni na sukari; kisha tukaandika maneno ya sifa katika kitabu cha wageni na kutia sahihi yetu. Bibi mmoja aliyelala kitandani alitushika mkono, asitake kuuachia. Tulidhani ameufurahia wimbo. Kikombe chake cha maji kilikuwa juu ya meza, mahali ambapo mkono wake haukuweza kufika. Tulikiona, wala hatukufikiri neno. Baada ya majuma machache tuliitwa kumzika. Akina mama waliomwosha walitueleza ya kwamba mgongo wake ulikuwa na vidonda vilivyochimba sana, kama awavyo mtu alalaye siku nyingi bila kugeuzwa. Sahihi yetu ingali katika kitabu kile, ikishuhudia ya kwamba nyumba ilikuwa njema.

Kwa ajili ya bibi huyo twaandika maneno haya, nayo ni matatu.

Neno la kwanza: Kilichoandikwa daftarini si lazima kiwe ndicho kilicho kitandani.

Wenye elimu na mali nyingi kuliko sisi walikosea vivyo hivyo. Huko Ujerumani, walikotoka wengi wa wamisionari waliotuletea Injili, nyumba za wazee ni nyingi sana, nazo nyingi ni za kazi ya udiakonia ya Kanisa. Mwaka 2009 walianza kuzipa nyumba hizo alama, kama wanafunzi wapewavyo shuleni: 1 maana yake ni vizuri sana, na 5 ni duni. Wakaguzi walikuja na maswali 82. Nia ilikuwa njema, kwamba mtu amtafutiaye mama yake mahali apate kujua penye heri na penye hatari. Lakini wakaguzi waliyategemea mno yaliyoandikwa na watumishi katika madaftari, na maswali yalihesabiwa yote kwa uzito mmoja. Hivyo nyumba iliyokosa katika kuwakinga wazee na vidonda vya kulala iliweza kuinuliwa tena na jambo dogo, kama vile orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka vizuri. Tena, katika maswali hayo 82, wazee wenyewe waliulizwa 18. Walakini majibu yao hayakuingizwa katika alama ya jumla. Mwisho wake ulikuwaje? Wastani wa nchi nzima ulifika karibu 1.2. Karibu kila nyumba iliitwa nzuri sana, na mwenye kutafuta hakuweza tena kupambanua njema na mbaya.

Mwaka 2019 waliziacha alama hizo. Tangu hapo kila nyumba sharti itoe hesabu mara mbili kwa mwaka juu ya mambo yaonekanayo katika miili ya wazee wake: ni wangapi waliopata vidonda vya kulala, wangapi walioanguka wakaumia vibaya, wangapi waliokonda pasipo kukusudia, wangapi waliofungwa kwa mikanda kitandani au kitini. Kisha wakaguzi huja, huchagua wazee 9, huwatazama na kuzungumza nao, na hupima kama hesabu iliyopelekwa yapatana na wanayoyaona. Hii nayo ni kazi ya wanadamu, wala haikosi kasoro. Lakini jicho limeondoka daftarini, limeelekea kitandani. Je! Bwana wetu hakuwakemea Mafarisayo kwa jambo hilo hilo, kwamba walikisugua kikombe kwa nje na kuiacha ndani taka yake? (Mathayo 23:25-26)

Neno la pili: Manung'uniko ya mnyonge si uasi.

Mitume waliposikia malalamiko hawakusema, "Nyamazeni, msiutie usharika aibu." Wala hawakuwauliza wajane kwa nini hawana shukrani. Waliwakusanya wanafunzi wote, wakalikiri jambo mbele yao. Je! sisi twafanyaje? Mara nyingi mtumishi wa chini katika nyumba ya wazee huona mabaya, naye hunyamaza, kwa maana ahofu kupoteza kazi. Na wakubwa humwambia ya kuwa jina la Kanisa litachafuka. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Huko Uswidi, ambayo nayo ilituma wamisionari wa Kilutheri kwetu, palikuwa na mwuguzi msaidizi jina lake Sarah Wägnert, aliyefanya kazi katika nyumba ya wazee huko Solna, karibu na Stockholm. Mwaka 1997 alisema hadharani katika televisheni habari za wazee waliotunzwa vibaya katika nyumba hiyo. Mwanamke huyu hakuwa mkuu wala daktari, bali mmoja wa wale wawaoshao na kuwalisha wazee. Mwaka 1999 sheria ilianza kutumika, ambayo watu wameiita kwa jina lake, yaani Sheria ya Sarah: mtumishi aonaye ya kwamba mzee hatunzwi ipasavyo sharti atoe habari. Hivyo kusema kuliondoka katika ushujaa wa mtu mmoja, kukawa wajibu wa kila mtumishi. Nasi katika nyumba zetu tusiwangoje mashujaa. Tuwaambie watumishi wetu tangu siku ya kwanza, "Ukiona mabaya, utuambie, usipotuambia ndipo umekosa."

Neno la tatu: Upendo wahitaji waangalizi waliochaguliwa.

Mitume hawakuwaahidi wajane ya kwamba kuanzia kesho kila mtu atajitahidi zaidi. Waliwaambia wanafunzi wachague watu 7, wenye kushuhudiwa wema, wenye Roho na hekima, wakawaweka juu ya kazi ile. Yatazameni na majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Yaonekana ya kuwa walichaguliwa kutoka upande wa wale waliolalamika. Hekima iliyoje! Waliosahauliwa walipewa waangalizi wenye kuisema lugha yao. Basi katika kamati ya kila nyumba ya wazee wasikose mzee mmoja au wawili wakaao humo humo, na jamaa za wengine. Wala isiwe kamati ya wakubwa peke yao.

Tena tusimwogope afisa wa ustawi wa jamii ajapo kutukagua. Wako wasemao, "Hii ni nyumba ya Mungu, Serikali isituingilie." Lakini katika Injili ya Yohana, mlango wa tatu, Bwana afundisha ya kuwa atendaye kweli huijia nuru. Nyumba ya Kanisa ikifunga mlango kwa mkaguzi, majirani watafikiri nini?

Ni kweli, sheria haiwezi kuzaa upendo. Yaweza kuamuru mzee ageuzwe kitandani mchana na usiku. Haiwezi kuamuru aitwe kwa jina lake na kupewa shikamoo yake. Lakini sisi Walutheri tumefundishwa ya kwamba Mungu ametoa sheria ili kuuzuia uovu hata pale ambapo mioyo haijageuka. Bibi yule asingeweza kungoja mpaka mioyo yetu yote iongoke. Alihitaji kugeuzwa usiku ule ule. Wala kukagua peke yake hakutoshi. Mhudumu mmoja akiachiwa wazee 30 usiku kucha, kumkemea bila kumpa msaidizi ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba. Basi usharika unaouliza maswali na utoe pia sadaka.

Ndugu walimu, mwendapo kuwatazama wazee, msiende na nyimbo tu. Nendeni siku nyingine bila kutangaza, saa ya chakula au jioni. Tazameni kama maji yako karibu na mkono wa mgonjwa. Ulizeni ni wahudumu wangapi wakeshao usiku. Kaeni na mzee peke yake, mwenyeji asiwepo, mkamsikilize bila haraka. Mwulizeni kwa heshima kama ana maumivu mgongoni au viunoni, na kama amegeuzwa leo. Ulizeni ni nani atunzaye fedha zake, na sabuni mliyoleta mara ya kwanza ilikwenda wapi. Mkiona kasoro, mwambieni mkuu wa nyumba kwa upole. Asiposikia, mpelekeeni habari mchungaji na afisa wa ustawi wa jamii. Kisha rudini kutazama kama imeondolewa. Neno hili la kurudi msilisahau, kwa maana mzee aliyesema kweli mbele yenu aweza kuteswa kwa ajili ya kusema, ninyi mkiisha kuondoka.

Mwisho, angalieni mstari wa saba. Baada ya wajane kupata haki yao, Neno la Mungu lilienea, na wanafunzi wakaongezeka sana katika Yerusalemu. Luka ameyaweka mambo hayo mawili pamoja. Watu wa mji waliona jinsi usharika ulivyowatendea wanawake wasio na mtetezi, na Injili ikapata njia. Nasi siku moja tutasimama mbele yake Yeye aliyesema ya kwamba alikuwa mgonjwa katika wale walio wadogo. Hatatuuliza tuliandika nini katika kitabu cha wageni. Atatuuliza habari za kikombe cha maji.

Bwana na atusamehe tuliyoyaona tusiyatafakari, naye atupe macho ya kuona na miguu ya kurudi. Amin.